Programu ya uwakala inagoma kwenye waifai ya nyumbani, kwenye bando inafunguka (Mbeya)

Binti_Ilomba (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa kiufundi.

Nina duka hapa Ilomba, limeungana na nyumba, na humo dukani nafanya uwakala wa benki. Nyumbani tumevuta intaneti ya faiba, ruta iko sebuleni na waifai inafika dukani vizuri tu. Sasa hii programu ya uwakala nikiifungua kwa waifai inazungusha kile kiduara, inazungusha weee, mwisho inaniandikia kwamba imeshindwa kuunganisha, nihakikishe nina intaneti. Nikizima waifai nikawasha bando, inafunguka hapo hapo. Nikirudi kwenye waifai, inagoma.

Na intaneti ipo! YouTube inacheza, meseji za WhatsApp zinaingia, watoto wanaangalia katuni kwenye runinga. Nimewapigia huduma kwa wateja wa benki, wakasema niwaone watu wa intaneti. Watu wa intaneti wakapima laini, wakasema iko safi, niwaone benki. Mimi katikati, na mteja amesimama dirishani na pesa mkononi.

Simu ni Android, ina toleo jipya la programu. Kuna aliyewahi kukutana na hili?

Mzee_wa_Bando (Mbalizi)

Dada, tumia bando uendelee na kazi. Kamisheni ya miamala kumi inalipa bando la siku.

Binti_Ilomba

Mzee wangu shikamoo. Faiba nalipia kila mwezi, halafu tena ninunue bando la kufanyia kazi nikiwa nimekaa chini ya ruta? Hapana kwa kweli. Na hapa dukani mtandao wa simu jioni unakuwa mzito, muamala unaning'inia, mteja anaanza kukuangalia kama umemwibia.

KijanaWaForest (Mbeya)

Futa keshi ya programu. Ikigoma, iondoe uiweke upya. Ikigoma tena, rudisha simu ilivyotoka kiwandani. Pia angalia tarehe na saa ya simu, ikiwa si sahihi programu za benki zinakataa.

FundiWaya (Iyunga, Mbeya)

Binti_Ilomba, tafadhali USIONDOE hiyo programu. Programu za benki, na hasa za uwakala, husajiliwa pamoja na simu yenyewe. Ukiiondoa kuna uwezekano mkubwa ukaambiwa usajili kifaa upya, na usajili huo mara nyingi unakupeleka tawini ukapange foleni na kitambulisho. Utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

KijanaWaForest, hoja ya tarehe ni nzuri, kwa sababu simu hukagua cheti cha seva ya benki (kitambulisho chake cha kidijitali), na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu ikiamini tuko mwaka mwingine, cheti kinaonekana batili. Lakini jiulize: tarehe ikikosewa, kwenye bando ingefunguka? Isingefunguka. Keshi ikiharibika, kwenye bando ingefunguka? Isingefunguka. Bando limeshatoa ushahidi kwamba programu ni nzima, akaunti ni nzima, na seva ya benki iko hewani. Kwa hiyo yeyote tutakayemshuku humu, lazima aeleze kwa nini kwenye bando anatulia. Asipoweza kueleza, tunamwachia huru.

Dada, nisaidie mambo machache. Chukua simu nyingine ya hapo nyumbani yenye programu ya benki hiyo hiyo, hata ile ya wateja wa kawaida, ifungue kwa waifai yenu uone. Halafu chukua simu yako, nenda kwa jirani mwenye waifai yake, ujaribu huko. Ukirudi utuambie pia tatizo lilianza lini, na kama kuna kitu kilibadilishwa hapo nyumbani karibu na wakati huo, hata kama unaona hakihusiani.

Tukuyu_Chai (Rungwe)

Mimi ningeuliza VPN kwanza, zile programu zinazopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Watu wengi simu zao zina VPN walizoziweka wakati fulani wakazisahau, hata baada ya lile tangazo la TCRA (mamlaka ya mawasiliano) la Oktoba 2023 la kutaka watumiaji wa VPN wajiandikishe. Programu ya benki ikiona unatokea nchi nyingine, inakufungia mlango.

FundiWaya

Ni kweli, ila VPN ikiwa imewashwa inafunika bando na waifai kwa pamoja. Inabaki mshukiwa pale tu ilipopangwa ijiwashe yenyewe simu ikiwa kwenye waifai. Zipo za namna hiyo. Dada aangalie tu kama pale juu kwenye skrini kuna alama ya ufunguo.

MwanaKihesa (Iringa)

Kamwene wote.

Kabla hamjaenda mbali, kuna kitu kidogo ambacho kwangu kilikuwa ndicho jibu. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kuruhusu kila programu itumie bando, waifai, au vyote. Kwenye baadhi ya simu iko ndani ya ile programu ya usalama inayokuja na simu, kwenye nyingine iko kwenye taarifa za programu, sehemu ya matumizi ya data. Kuna visanduku viwili kwa kila programu. Kisanduku cha waifai kikiondolewa alama, programu hiyo inakuwa kama haina intaneti kabisa ukiwa nyumbani, na ukitoka nje na bando inafufuka. Simu yangu niliinunua kwa mtu pale Mlandege, ikaja na visanduku vya mwenye simu wa kwanza.

FundiWaya

Hii ni hoja yenye nguvu, MwanaKihesa, maana inaeleza kwa nini bando linafanya kazi. Dada aangalie na hapo. Lakini jaribio la simu ya pili litatuambia haraka zaidi: simu ya pili nayo ikigoma, visanduku vya simu ya kwanza havihusiki.

Binti_Ilomba

Nimerudi wakuu, leo duka lilichangamka.

Visanduku nimeviona, vyote vina alama. VPN sina. Simu ya baba watoto ina programu ya kawaida ya benki hiyo hiyo, nayo kwa waifai yetu INAGOMA, inazungusha vile vile. Simu yangu kwa jirani (yeye ana kampuni nyingine ya intaneti) INAFUNGUKA. Nimejaribu pia kujirushia hotspoti kutoka simu ya baba watoto, inafunguka.

Kuhusu kilichobadilika: ruta. Ile ya zamani ilikufa kipindi cha mvua, radi ilipiga usiku asubuhi tukakuta haina hata taa. Fundi wa mtaani akatuletea nyingine iliyotumika, akaifunga, akaingiza zile taarifa za akaunti, intaneti ikaja tukashukuru. Programu ilianza kusumbua baada ya hapo. Sikuwahi kuviunganisha kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa kinaenda.

Na tukiwa tunasemana ukweli, si kila kitu. Picha za WhatsApp kuzituma kwa waifai wakati mwingine zinakwama kwenye asilimia fulani. Na kuna tovuti moja ya malipo ambayo kwenye kompyuta haifunguki, inabaki nyeupe tu.

FundiWaya

Dada, kwa majibu haya umefanya nusu ya kazi.

Simu mbili zimegoma kwenye ruta moja: simu yako haina kosa. Simu ile ile imefanya kazi kwa jirani: programu haina kosa na benki haikatai waifai. Kilichobaki ni ruta yako na mambo yaliyoingizwa ndani yake. Na hizo dalili za pembeni, picha kukwama katikati na tovuti kubaki nyeupe, ndizo zinazonivutia zaidi. Nina mtu ninayemshuku, ila tuanze na aliye rahisi kumpima, yaani DNS.

DNS ndiyo inayogeuza jina la seva kuwa namba. Ruta ikiwa na DNS mbovu au ya zamani, majina mengine yatapatikana na mengine hayatapatikana. Kwenye simu nenda Mipangilio, mtandao na intaneti, tafuta DNS ya Faragha (ipo kuanzia Android 9), weka jina la mtoa huduma: dns.google. Zima waifai, iwashe, ujaribu programu. Ikifunguka, tatizo lilikuwa DNS ya ruta. Isipofunguka, rudisha ilivyokuwa.

Halafu ukiwa hapo kwenye taarifa za waifai yako, angalia anwani za IP za simu. Niambie kama kuna ndefu zenye herufi na nukta pacha, na zinaanzaje.

KijanaWaForest

Mkuu, mbona hamzungumzii mawimbi? Nyumba zetu ni tofali za kuchoma, ukuta mnene, ruta iko sebuleni na simu iko dukani. Ahamie 2.4 GHz aachane na 5 GHz, ile ya 5 haipiti ukutani.

FundiWaya

Ni sahihi kwamba 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko 5. Ila mawimbi yakiwa dhaifu yangeumiza YouTube kabla ya kuumiza programu ya benki inayotuma vitu vidogo vidogo. Akae tu kando ya ruta ajaribu, itachukua dakika moja.

Binti_Ilomba

Nimekaa sebuleni pembeni ya ruta: inagoma. DNS nimeweka hiyo dns.google: inagoma, nimerudisha ilivyokuwa. Anwani ipo ya 192.168, na nyingine ndefu inaanza na fe80. Hakuna nyingine.

FundiWaya

fe80 ni ya ndani ya nyumba tu, haitoki nje. Maana yake hapo kwako hakuna IPv6 (anwani za intaneti za kizazi kipya) ya kwenda duniani, kwa hiyo na yeye tumemwachia. (Angekuwepo IPv6 iliyofungwa nusu nusu tungemkamata, ni msumbufu sana kwenye ruta zilizotumika.)

Sasa mtu wangu. Anaitwa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja (kifurushi cha data) inayoruhusiwa kupita. Kwenye waifai na waya wa kawaida ni baiti 1500. Lakini laini nyingi za faiba na zile za zamani za waya wa simu hutumia PPPoE, ndiyo zile taarifa za akaunti fundi wako alizoingiza, jina na nenosiri. PPPoE inaongeza lebo yake ya baiti 8 kwenye kila pakiti. Kwa hiyo nafasi inayobaki ni 1492. Tofauti ni baiti nane tu, na zinatosha kukulaza njaa.

Chukulia mizani ya Makambako. Lori limezidisha uzito kidogo tu, haliruhusiwi kupita. Kwa utaratibu, mizani wanampigia mwenye mzigo: punguza, ugawanye kwenye gari mbili. Akipunguza, safari inaendelea. Sasa mwenye mzigo akiwa amezima simu, hapati taarifa. Anaendelea kupakia lori lile lile la uzito ule ule, analituma tena, linazuiwa tena. Seva nyingi za benki ziko nyuma ya ukuta wa usalama unaotupa ujumbe wa ICMP, na huo ICMP ndio hiyo simu ya kutoka mizani.

Ndiyo maana kiduara kinazungusha badala ya kukataa mara moja. Simu yako inabisha hodi kwa pakiti ndogo, seva inaitikia kwa pakiti ndogo, wamesalimiana. Halafu seva inatuma cheti chake, mzigo mkubwa, pakiti zilizojaa hadi 1500. Zinadondoka njiani kimya kimya. Simu inasubiri mpaka inachoka.

Ruta iliyopangwa vizuri inazuia hili mapema. Ikijua njia yake ni 1492, inaingia kwenye ile salamu ya kwanza na kuiambia seva isizidishe 1452 za mzigo wenyewe (1492 ukitoa lebo mbili za kila pakiti: baiti 20 za kichwa cha IP na 20 za kichwa cha TCP). Nashuku aliyekufungia aliiacha 1500, au aliyekuwa nayo kabla aliitumia kwenye laini isiyo ya PPPoE.

Tusiishie kushuku, tupime. Una kompyuta yenye Windows hapo? Iunganishe kwenye waifai, fungua lile dirisha jeusi la amri (andika cmd pale pa kutafutia), halafu andika:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

kisha

ping -f -l 1464 1.1.1.1

Ping inatuma pakiti ya kujaribu njia na kusubiri jibu; -l ni ukubwa wake, na hiyo -f inasema pakiti isigawanywe. Ping inaongeza vichwa vya baiti 28, kwa hiyo 1472 inakuwa 1500 kamili na 1464 inakuwa 1492. Tuletee majibu ya zote mbili.

NyandaZaJuu (Makambako)

Mkuu FundiWaya, nina swali la ubishi kidogo. Kama pakiti kubwa hazipiti, kwa nini YouTube inacheza? Video si ndiyo mzigo mkubwa kuliko vyote?

FundiWaya

Swali zuri, na ndilo linalowapoteza hata wanaopima laini. Video ni nyingi, lakini pakiti moja moja si lazima ziwe kubwa. YouTube na huduma nyingine za Google hutumia sana QUIC, njia mpya ya kusafirisha data iliyopewa kiwango rasmi mwaka 2021. Pakiti zake huanzia baiti 1200 na haipandi juu bila kupima njia kwanza. Meseji ya WhatsApp ni ndogo, inapita. Picha ni kubwa, inakwama. Halafu makampuni makubwa seva zao zina akili ya kugundua ukimya na kupunguza zenyewe. Benki ya kwetu yenye ukuta mgumu haina hisani hiyo. Fundi akifika nyumbani anafungua YouTube, inacheza, anasema "iko safi", anaondoka.

Mzee_wa_Bando

Marahaba binti, samahani nilichelewa kuitika. Naendelea kusoma, ila hapo kwenye mizani nimeelewa vizuri maana nimeendesha malori.

Binti_Ilomba

Mdogo wangu anasoma chuo cha MUST, amekuja leo na kompyuta yake tukafanya.

Ya 1472: kila mstari unasema muda umekwisha, zote nne zimepotea.
Ya 1464: zote nne zimejibu.

Tumerudia, ni vile vile. Tukajaribu 1465, imepotea. Dogo amefurahi kuliko mimi.

FundiWaya

Haina haja ya kuendelea kutafuta. 1464 inapita na 1465 inapotea, huo ni mpaka wa PPPoE kamili. Na angalia ilivyopotea: kimya. Ruta ingekuwa inajua njia yake ni 1492, ingejibu yenyewe kwamba pakiti inahitaji kugawanywa. Haikusema kitu kwa sababu inaamini ina 1500.

Matengenezo sasa. Geuza ruta, chini kuna kibandiko chenye anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na jina na nenosiri la msimamizi. Mwambie mdogo wako aifungue kwenye kivinjari. Atafute sehemu ya WAN au intaneti, ataona muunganisho wa PPPoE. Kabla ya kugusa chochote APIGE PICHA ukurasa mzima. Humo ndani kuna mahali pameandikwa MTU, kwenye ruta nyingine pamefichwa kwenye mipangilio ya ziada. Kama ni 1500, aandike 1492. Ahifadhi, azime ruta, aiwashe.

Asiguse jina na nenosiri la PPPoE. Na tafadhali mtu yeyote asichomeke pini kwenye kile kitundu cha nyuma cha kurudisha ruta kiwandani. Ukifanya hivyo inafuta akaunti yote, intaneti inakatika kabisa, na kama huna zile taarifa utaanza kuwapigia wahusika Jumapili jioni.

NyandaZaJuu

Na mimi ninayetumia ruta ya kuweka laini ya simu (SIM kadi), niweke 1492?

FundiWaya

Hapana, usinakili namba ya mtu. Ruta ya laini ya simu haitumii PPPoE, ina njia yake na namba yake inaweza kuwa ndogo zaidi. Pima kwa ping ile ile, anza 1472 ushuke kumi kumi mpaka ipite, halafu upande moja moja. Utakayoipata ongeza 28, hiyo ndiyo MTU yako. Na kama huna tatizo lolote, iache ilivyo.

Binti_Ilomba

IMEFUNGUKA!! Ilikuwa imeandikwa 1500 kweli. Tumeweka 1492, ruta ikazimwa ikawashwa, programu ya uwakala imeingia kwa waifai kama mlango ulioachwa wazi. Nimetoa na muamala mmoja wa kweli, mteja mwenyewe ameona. Ya baba watoto imefunguka. Ile tovuti ya malipo iliyokuwa nyeupe imekuja na rangi zake zote.

Dogo akarudia ping ya 1472, sasa hivi inaandika kwamba pakiti inahitaji kugawanywa. Anauliza kama hilo ni kosa jipya.

FundiWaya, Mungu akuzidishie. Ukipita Ilomba soda ipo.

FundiWaya

Mwambie dogo hilo ndilo jibu tulilolitaka. Sasa ruta inajua uzito wake na inasema mapema badala ya kunyamaza.

Soda nitaifuata. Lakini dada, sijamaliza na wewe. Unafanya uwakala, pesa za watu zinapita humo, na ruta yako ni ya mtumba. Nakusihi kabla ya kulala leo mdogo wako afanye haya akiwa bado yuko kwenye ukurasa ule. Abadilishe nenosiri la msimamizi wa ruta, siyo la waifai tu, maana la kibandiko kila fundi analijua, na kama mwenye nayo wa zamani alibadilisha, yeye bado analikumbuka. Azime kuingiliwa kutoka nje, yaani usimamizi wa mbali. Aangalie DNS zilizoandikwa ndani ya ruta ni za nani. Ruta zilizotumika wakati mwingine huja na DNS ya ajabu iliyopachikwa na mtu, na DNS ya ajabu inaweza kukupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa benki lakini si wa benki. Ulinzi wa waifai uwe WPA2 kwa uchache, WPA3 kama ruta na simu zako zinaikubali.

Na kama huwa unawapa wateja waifai, wafungulie mtandao wa wageni wenye jina na nenosiri lake. Mteja wa soda hana sababu ya kuwa mtandao mmoja na simu ya uwakala.

Kuhusu radi: waya wa faiba wenyewe ndani ni kioo, haubebi umeme. Mara nyingi ruta huuawa na kilichopita kwenye soketi ya ukutani. Mvua ikianza kunguruma chomoa adapta. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme kinasaidia, lakini radi ikipiga karibu, hakuna kinachoshinda kuchomoa.

Tukuyu_Chai

Huku Rungwe mvua hainyeshi kwa miadi, ukichomoa kila ikinguruma utakaa bila intaneti nusu mwaka 😂. Ndaga fijo fundi, nimejifunza. Hiyo ya DNS ya mtumba naenda kuangalia sasa hivi.

NjombeBaridi (Njombe)

Naomba nidandie uzi huu huu, tatizo langu ni kinyume cha dada. Nina kamera kwenye ghala la viazi, iko kwenye waifai ya hapa hapa nyumbani. Programu ya kamera nikiwa mjini na bando inaonyesha picha vizuri. Nikirudi nyumbani nikaingia waifai, inasema haiwezi kuunganisha. Yaani kamera iko mita ishirini kutoka nilipokaa na siioni. MTU?

FundiWaya

Siyo MTU, ungeteseka na vitu vingine pia. Nijibu mawili: simu yako na kamera ziko kwenye jina moja la waifai, au moja iko kwenye mtandao wa wageni? Na kwenye programu, kamera uliiingizaje, kwa kuskani kibandiko chake au kwa kuandika anwani?

NjombeBaridi

Jina ni moja. Aliyenifungia aliandika anwani, ni namba za IP zisizoanza na 192. Nakumbuka alisema amefungua mlango kwenye ruta ili nione nikiwa mbali.

FundiWaya

Basi hapo ndipo penyewe. Programu inaitafuta kamera kwa anwani ya nje ya nyumba yako. Ukiwa mjini, ombi linatoka nje linaingia kwa mlango ule, linaipata. Ukiwa ndani, ombi linakwenda kwa ruta likiulizia anwani ya nje ya ruta yenyewe, na ruta nyingi za bei ya chini hazijui kugeuza ombi la namna hiyo lirudi ndani. Linapotelea hapo.

Ingia kwenye ruta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utaiona kamera na anwani yake ya ndani, 192.168 na kuendelea. Ifungie anwani hiyo isibadilike ruta ikizimika. Halafu kwenye programu ongeza kamera ile ile mara ya pili kwa anwani hiyo ya ndani, uipe jina "ghala nyumbani". Ukiwa nyumbani unafungua hiyo, ukiwa mjini unafungua ya kwanza.

NjombeBaridi

Imekubali mkuu, magunia nayaona nikiwa kitandani. Kuna lingine la kufanya?

FundiWaya

Ndiyo, na usilale bila kulifanya. Huo mlango aliokufungulia uko wazi kwa dunia nzima, si kwako tu, na kuna watu wanaozunguka intaneti usiku na mchana wakigonga milango ya kamera. Kama nenosiri la kamera bado ni lile lililokuja nalo kwenye boksi, libadilishe sasa hivi. Halafu angalia kama kamera yako ina njia ya kusajiliwa kwa kuskani kibandiko. Ikiwa nayo, itumie hiyo ukiwa mbali, ufunge mlango wa ruta kabisa.

NjombeBaridi

Nenosiri lilikuwa 123456. Nimebadilisha. Kibandiko kiko nyuma ya kamera, nitapanda ngazi kesho kukikucha.